Amiba Niliyokatazwa Kuiangalia

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilifunga pua kwa kitambaa. Papa Deo, fundi wa labo, yaani maabara, aliyenipokea kule Walikale, alikivua kile kitambaa kwa vidole viwili mbele ya wagonjwa waliokuwa wamejipanga kwenye benchi, akakitia mfukoni mwake.

“Unafunga pua juu ya nini?” akaniuliza. “Hii mavi ilikutukana?”

Wagonjwa wakacheka. Mimi nilikuwa na diploma mpya ya A2, ile ya shule ya sekondari, bluzi nyeupe ya kazini yenye alama za pasi, na nilifikiri kazi ya labo ni kazi ya macho tu. Papa Deo alinusa kopo la kwanza, kisha akanisogezea.

“Hii inanuka damu. Ile ingine inanuka maharagi tu. Anza na pua. Jicho itafuata.”

Basi ninyi mnaomaliza shule na kutumwa kwenye vituo vya afya huku milimani na kule msituni, nami naanza hapo hapo alipoanzia yeye. Msifunge pua.

Msinicheke pia nikisema nimestaafu. Sijafika miaka hamsini. Lakini jicho langu la kulia, lile nililolitumia tangu ujana kutazama ndani ya mikroskopi ya tundu moja, lilianza kuona ukungu, na fundi wa labo anayeona ukungu anaweza kumwua mtu kwa karatasi na kalamu. Niliacha mwenyewe kabla sijaambiwa. Tangu hapo nazunguka. Ukweli ni kwamba hata nilipokuwa kazini miguu ilikuwa inaniwasha: nilifanya Walikale, nikafanya Omate kwa wachimba madini, nikapanda Masisi, nikashuka tena. Sasa napita kwenye vituo vyangu vya zamani kusalimia tu. Nakaa kwenye benchi la wagonjwa, nanusa ile harufu ya sabuni na spiriti, moyo unatulia. Na kila mara hutokea kijana mmoja akaniuliza, “Papa, siri ya kutambua amiba ni gani?”

Hakuna siri. Mtazame anavyokula.

Papa Deo hakunifundisha hilo kwa mavi. Alinifundisha kwa maji ya majani makavu. Alichukua majani ya paa la nyumba, akayaloweka ndani ya chupa ya maji ya mvua, akaiacha dirishani siku kadhaa mpaka maji yakafanya ngozi juu. Kisha akaweka tone moja chini ya mikroskopi, akaniambia nitazame. Nilidhani ni tone la maji machafu. Nilichokiona ni soko la siku ya Jumamosi. Viumbe vilipita mbio, vikagongana, vikarudi nyuma, vikageuka. Kila kimoja kilikuwa seli moja tu, lakini kilikuwa na haraka kama mtu anayefukuza gari.

Kikubwa kati yao kilikuwa na umbo la soli ya sandali, tukikiita paramesi. Mwili wake wote una nywele fupi zinazopiga maji kama makasia. Ubavuni kuna mfereji, na nywele za pale husukuma maji kuingia ndani, pamoja na chochote kilichomo. Mwisho wa mfereji kuna mdomo. Papa Deo alikuwa na kichupa cha unga wa rangi ambayo Wafaransa huiita nyekundu ya Kongo. Hakujua nani aliipa jina la nchi yetu, lakini alijivuna nayo kama aliitengeneza yeye. Alichukua machicha ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akayachemsha pamoja na rangi ile mpaka chachu ikawa nyekundu, akaitia kidogo kwenye tone.

“Sasa usipepese,” akasema.

Paramesi alianza kumeza vile vidonge vyekundu. Vilijikusanya mwisho wa mfereji, mwili ukavizungushia kifuko, kifuko kikakatika na kuanza safari ndani ya mwili. Kisha kikabadilika rangi mbele ya macho yangu. Nyekundu ikawa buluu.

“Ndio pale anatia asidi,” Papa Deo akasema nyuma ya sikio langu. “Kama tumbo yako tu. Sasa ngojea.”

Baada ya muda buluu ikarudi kuwa nyekundu. Asidi ilikuwa imepungua, chakula kilikuwa kinayeyuka na kuingia mwilini. Mabaki yakatolewa nje kupitia mahali pamoja, palepale kila mara, kama mtu anayejua mlango wa choo chake. Nilibaki nimeinama mpaka shingo ikakakamaa. Hebu fikirini: kiumbe kisicho na tumbo hujitengenezea tumbo chakula kinapofika, na chakula kikiisha, tumbo nalo linapotea. Mimi nilikuwa nakula mara moja kwa siku wakati ule. Nilimwonea wivu.

Amiba ni mtu mwingine. Yeye hana mdomo mahali popote. Mwili wake unatiririka: anasukuma upande mmoja mbele, sehemu iliyobaki inafuata. Akikuta chakula anakizunguka kwa pande zote mbili, pande zikakutana, na chakula kimo ndani. Mwili wote ni mkono, mwili wote ni mdomo. Akishamaliza anaacha mabaki nyuma, anaendelea kutembea. Kuna wengine tena, kama giardia, asiye na haja ya kumeza vipande: anajibandika kwenye ukuta wa utumbo na kunyonya chakula chako kilichokwisha kusagwa, kwa ngozi yake. Na yule wa malaria anaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, anaila kutoka ndani, anaacha takataka ya rangi ya kahawia ambayo ninyi mnaitafuta kila siku.

Papa Deo alikuwa na maswali mawili, na aliyauliza kwa kila kopo. La kwanza: mgonjwa amekula nini? La pili: mdudu naye amekula nini? “Majibu mbili zikikataana,” alisema, “usiandike kitu.”

Niliyasikia maswali yale mara mia. Kuyashika ni kitu kingine.

Kule Omate, kwa mfano. Nilikuwa peke yangu kwenye kituo kidogo karibu na machimbo, najiona daktari. Siku moja walikuja wachimbaji sita wa timu moja, wote wanalalamika tumbo. Nikatazama kopo la kwanza: viduara vidogo vinavyong'aa, vingi mno. La pili vilevile. La tatu vilevile. Nikaandika sita wote wana amiba, aina iliyojifunga kwenye ganda. Kiongozi wao, mtu mwenye mabega kama mlango, akasoma karatasi zote sita.

“Labo, timu muzima?”

“Timu nzima.”

“Hata huyu? Huyu iko mupishi, hashuke mu shimo.”

“Hata yeye.”

Bahati nzuri Papa Deo alikuwa amekuja kwa miguu kunikagua. Alichungulia mara moja, akainua kichwa, akawauliza, “Jana mulikunywa nini?”

Wakatazamana. “Kasiksi, Papa. Tulipata mawe mazuri, tukafurahi kidogo.”

“Murudie nyumbani mulale. Huyu kijana amepima kasiksi yenu.”

Vile viduara vilikuwa chachu ya pombe, ile ile Papa Deo aliyomlisha paramesi. Angalieni: vingine vilikuwa na kichipukizi pembeni, chachu inavyozaa, na amiba hafanyi hivyo. Sikuuliza wamekula nini wala wamekunywa nini. Muda wote niliobaki Omate jina langu lilikuwa Dokta Kasiksi. Hata mwaka huu nilipopita njia ile, mama mmoja anayeuza makaa aliniita hivyo kutoka ng'ambo ya barabara.

Somo la baridi nililipata Bihambwe, kule Masisi. Walikale ni msitu, kuna joto. Kopo linaweza kukungoja. Bihambwe iko juu, asubuhi pumzi inatoka mdomoni kama moshi, na watu wanashuka na makopo yao kutoka mashamba ya mbali, mwendo wa saa nzima. Amiba akisikia baridi anarudisha miguu yake, anajikunja, anakuwa duara kama vitu vingine elfu. Mwezi wangu wa kwanza sikuona amiba hata mmoja anayetembea. Nilikaribia kuandika kwamba Bihambwe hakuna ugonjwa huo. Ndipo nikakumbuka Papa Deo alivyokuwa akitembea na kichupa cha maji ya chumvi kwapani, nami nikimcheka. Nikatia changu kwapani. Nikaanza kupasha kioo, kile kipande tunachowekea tone, kwenye kiganja. Nikaomba wagonjwa watoe choo palepale kituoni, nitazame kabla hakijapoa. Amiba wakafufuka.

Mtu aliyenisaidia kuwashawishi wagonjwa alikuwa Mama Zawadi, mfagiaji wa kituo. Alikuwa mkulima wa maharagwe na mihogo, mwenye sauti ya kwaya na mdomo usiochoka. Aliwaambia akina mama waliokuwa wanaona haya: “Mama, toa tu. Huyu Papa hakuangalie weye, iko naangalia wadudu yako.” Wakacheka, wakatoa.

Bihambwe ndipo nilipomwoa Espérance. Na hapa lazima niwaeleze jambo ambalo wengine wenu mnalijua kutoka nyumbani, na wengine mtalikuta kazini. Katika familia ile, mkwe na mama mkwe hawazoeani hovyo. Hatupeani mkono. Hatuli sahani moja. Tukikutana njiani, mmoja anapisha na kutazama pembeni. Mama mkwe wangu, ambaye wote walimwita Mama Espe, hakuwahi kusema na mimi moja kwa moja. Aliongea na kitu chochote kilichokuwa karibu. “Weye kuku,” alikuwa akisema nikifika uani, “uambie mugeni kiti iko pale.” Nami niliambia mlango asante. Msidhani ilikuwa uadui. Alinipenda, na hiyo ndiyo ilikuwa njia yake.

Mvua moja iliangusha kipande cha mlima juu ya barabara. Dawa zilizokuwa zinapanda zikakwama ng'ambo. Titulaire wetu, muuguzi mkuu wa kituo, alihesabu kabati: dawa ya amiba ilikuwa imebaki ya mgonjwa mmoja. Akatuambia, “Hii itatoka kwa mwenye labo imemthibitisha. Si kwa mashaka.” Alikuwa na haki. Kulikuwa na vituo vingine vya jirani ambavyo havikuwa na hata hiyo.

Wiki hiyohiyo Mama Espe akashikwa na kuhara. Espérance alikwenda kumhudumia, akarudi kuniambia. Alikuwa amefua nguo za mama yake na kuona damu. Nikamwambia alete kopo, mapema, lenye joto. Likaja asubuhi limefungwa kwenye jani la mgomba, mtoto wa dada yake amelibeba. Nikalitazama kwa furaha ya mtu anayetaka habari njema. Nikaona amiba, ndiyo, lakini wale wavivu wasio na madhara, wanaoishi tumboni mwa watu wengi na kula bakteria. Walijaa vifuko vya bakteria kama magunia. Hakuna chembe ya damu ndani yao, hakuna chembe ya damu nje yao. Nikaandika: hakuna amiba ya hatari. Titulaire akampa dawa nyingine, ya kuhara damu kunakoletwa na bakteria, pamoja na maji ya chumvi na sukari.

Siku mbili zikapita. Mama Espe hakuweza tena kukaa.

Espérance alisimama mlangoni mwa labo, macho mekundu. “Uliangalia muzuri?”

“Niliangalia vizuri sana.”

“Basi iko nakufa na nini?”

Nikachukua kile kioo cha siku mbili zilizopita, nilichokuwa nimekikausha na kukihifadhi. Nikakitazama tena, safari hii bila furaha. Kulikuwa na ngozi za maharagwe. Kulikuwa na maganda ya mahindi. Vipande vikubwa vya chakula cha mtu mwenye njaa nzuri.

“Mama alikula nini siku ile?” nikamwuliza Espérance.

“Mama? Kulikuwa siku ya tatu hajakula kitu. Uji ya maji tu, na anaitapika.”

Maswali mawili ya Papa Deo. Mgonjwa amekunywa uji, kopo limejaa maharagwe. Nguo zina damu, na wadudu wa kwenye kopo hawajaonja damu hata kidogo. Amiba hawezi kula kitu ambacho hakipo. Tumbo lake ni shahidi wa mahali alipotoka. Majibu yalikuwa yanakataana tangu siku ya kwanza, nami nilikuwa nimeandika.

“Espe,” nikasema, “ile haikuwa ya mama yako.”

Alitazama chini, kisha akaenda mbio kupanda mlima. Aliyoyakuta alinisimulia baadaye. Mama Espe alikuwa amemwambia yule mtoto aliyebeba kopo aweke choo chake mwenyewe. Espérance alipomwuliza kwa nini, mama aliyekuwa na nguvu kidogo tu za kusema alizitumia zote kukasirika.

“Mukwe wangu aangalie mavi yangu na kioo yenye inakuza?” alisema. “Mimi nimekwisha kufa ili anione vile?”

“Mama, utakufa kweli.”

“Basi nikufe na heshima yangu.”

Mnaweza kucheka. Mimi sikucheka. Tulikuwa tumewaambia akina mama wote wa Bihambwe kwamba mwenye labo anaangalia wadudu tu, na sikuwaza hata siku moja kwamba kuna mama mmoja kijijini ambaye maneno hayo hayamfikii. Kituo cha karibu chenye fundi mwingine kilikuwa ng'ambo ya maporomoko. Kumbeba mpaka huko kungemmaliza njiani.

Mama Zawadi alikuwa anapiga deki na kusikiliza, kama kawaida yake. Aliegemeza ufagio ukutani.

“Mimi si mukwe wake,” akasema.

“Mama Zawadi, kuangalia si kama kufagia.”

“Unaniambia mimi? Miaka ngapi niko nafagia chini ya hii kitu? Nasikia kila siku: pasha moto, shusha kioo, geuza hii, amiba inatembea, amiba inakula. Wee utasema, mimi nitaangalia. Ao unaogopa nijue kazi yako?”

Wajukuu na majirani walimshusha Mama Espe kwenye machela. Akaingizwa chumba cha akina mama, nami nikaenda kusimama nyuma ya jengo mpaka nilipoitwa. Mama Zawadi alimwahidi mbele ya Espérance: mukwe hataona kopo, hataona kioo, hatatia jicho. Mama Espe aliuliza mara mbili. Kisha akakubali.

Ndani ya labo nilisimama nimeipa mikroskopi mgongo, uso ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Kichupa cha maji ya chumvi kilikuwa kwapani mwa Mama Zawadi tangu asubuhi. Titulaire, ambaye hakuwahi kutafuta amiba mwenyewe, aliketi kwenye kiti, mikono kifuani, haamini. Jua lilikuwa linaingia dirishani. Kioo cha chini cha mikroskopi yetu kilitegemea jua.

“Chukua mahali penye ute na damu,” nikasema. “Kidogo kama kichwa cha kiberiti. Changanya na tone. Funika. Umepasha kioo?”

“Mukono yangu iko moto kuliko yako.”

“Geuza kioo cha chini mpaka uone mwanga mweupe.”

“Naona kope zangu.”

“Usibane jicho. Acha yote mawili wazi.”

Nilisikia anavyopumua. Ukuta ule naujua mpaka leo: ulikuwa na ufa mmoja wenye umbo la mto.

“Naona vitu mingi ya duara,” akasema. “Ndogo, zinafanana zote. Rangi kama mafuta ya mawese yenye umetia maji.”

“Ni chembe za damu. Sasa sogeza polepole, mstari kwa mstari, kama unapalilia. Tafuta kitu kikubwa kuliko hizo mara mbili, tatu. Kitu kinachotembea.”

Akapalilia. Titulaire akakohoa. Nikaanza kuhesabu mistari kichwani, nikapotea, nikaanza tena. Espérance alikuwa amekaa kizingitini, kilemba chake kimefunika mdomo.

“Hakuna,” Mama Zawadi akasema. “Hakuna. Hakuna. Hii iko imelala... Ngojea.”

“Nini?”

“Ngojea, nimekwambia! Iko moja. Ilikuwa duara, sasa inatoa... si muguu. Inamwagika. Kama bugali yenye inachemuka na kutoka mu sufuria, lakini upande moja.”

“Ule upande unaotoka, uko safi au umejaa takataka?”

“Safi. Kama kioo.”

Nikashika ukuta. “Ndani ya mwili wake kuna nini? Mama Zawadi, usiniambie ninachotaka. Niambie unachoona. Amekula nini?”

Nilisikia skrubu ya mikroskopi ikizunguka taratibu.

“Iko na zile duara za mafuta ya mawese ndani. Moja, mbili... tatu. Ya tatu imekuwa ndogo, kama inayeyuka.” Kisha sauti yake ikapanda mpaka wagonjwa wa benchi wakasikia. “Eee! Mama weee! Iko nashika ingine! Iko naizunguka! Papa, iko nakula! Iko nakula damu ya Mama Espe mbele ya macho yangu, hii mushenzi!”

Titulaire aliinuka, akamsogeza taratibu, akainama. Nilisikia anashusha pumzi. Nilichosikia baada ya hapo ni mlio wa ufunguo kwenye kabati la dawa.

Siku ya pili ya dawa, Mama Espe alikunywa uji ukabaki tumboni. Siku ya nne aliomba maharagwe, tukamnyima, akaulalamikia ufagio wa Mama Zawadi kwamba wakwe wa siku hizi ni wachoyo. Barabara ilifunguliwa kabla wiki haijaisha. Dawa zikafika, na hakuna aliyekosa.

Siku ile ya kioo mimi sikuangalia. Titulaire aliniambia, “Njoo, mama amelala, hatajua.” Nilitamani, maana amiba aliyekamatwa akimeza hukutani naye kila siku. Lakini tulikuwa tumeahidi. Nimeona maelfu ya amiba kwenye kazi hii, na yule ninayemkumbuka kuliko wote ni yule ambaye sikumwona.

Kwa hiyo, vijana, andikeni maswali mawili ya Papa Deo mahali mtakapoyaona. Mimi nimeongeza la tatu: nani anayetazama, na mgonjwa amekubali atazamwe na huyo? Kopo likiletwa limepoa na limejaa maharagwe, si mara zote ni uvivu. Huenda ni heshima ya mtu.

Mama Zawadi hakurudi kwenye ufagio tu. Nilimfundisha mchana, wagonjwa walipopungua, mpaka nilipoondoka. Baadaye alipelekwa kwenye mafunzo. Leo akina mama wa Bihambwe wanamletea makopo yao bila haya, yana joto, na anawakaripia wasichana wawili wa mafunzo kuliko Papa Deo alivyonikaripia mimi. Mikroskopi sasa ina matundu mawili na taa yake. Bado anatia kichupa kwapani. Nilipopita mwezi uliopita aliniwekea tone la maji ya majani makavu, akaniambia nitumie jicho la kushoto. Soko la Jumamosi lilikuwepo bado, paramesi wakigongana. Mmoja wa wale wasichana alikuwa ameomba paramesi walishwe chachu ya kasiksi yenye rangi, aone mwenyewe buluu ikija.

Kutoka kituoni nilipanda njia ya mashambani kuelekea kwa wakwe. Mama Espe alikuwa anapalilia maharagwe, mgongo umenyooka, nywele nyeupe chini ya kitambaa. Aliponiona alitoka njiani kama inavyotakiwa, akatazama upande wa pili, ng'ambo ya bonde. Nami nikasimama, nikatazama miguu yangu.

“Weye jembe,” akasema, “uulize huyu mugeni kama amekula.”

Nikauambia mfuko wangu: “Bado.”

“Jembe, umwambie apande. Maharagi iko ku moto.”